Penye Kuchekesha Uruke

Kisumu, 9 Januari 1933

Kwa mume wangu Hemedi bin Almasi, kwenye kiwanda cha pamba, Homa Bay

Baba Tunu,

Barua yako niliifungua palepale posta nimesimama mlangoni, mpaka karani akanigongea meza akasema, mama, wenzako nao wana waume. Nikasogea. Wote tu wazima, na funga tunaifunga, ingawa jua la Kisumu mwaka huu halimhurumii mtu mwenye kiu.

Habari kubwa ni ya mwanao. Juzi mama yako alikuwa anakoroga uji wa futari, sufuria ikaanza kufurika. Mimi natafuta kitambaa, Tunu ameshaishika kwa mikono mitupu, ameitoa mekoni, ameiweka chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Hakulia. Hata vidole hakuvipuliza. Nilipomshika viganja nikaona malengelenge yanaanza kutoka, aliyepiga kelele ni mimi, yeye ananitazama tu. Mama yako alimpigia kigelegele. Alisema, huyu ni Almasi mtupu, babu yake alitoka pwani mpaka ziwani hapa na mzigo kichwani na mwiba mguuni, hakumwambia mtu. Akafungua sanduku akamtolea kanga aliyojiwekea mwenyewe ya Idi. Mtaa mzima sasa wanamwita Jasiri. Mama Adongo, yule jirani yetu wa samaki, alikuja kutazama viganja, akasema kwao Seme mtoto wa namna hii wangempa mbuzi.

Habari ya mbuzi, tulisoma ile ya mzee wa Kanyada. Yule ambaye mbuzi wake alimlia pamba njiani, naye akampandisha mbuzi kwenye mizani, akasema pimeni, mali iko ndani. Halafu Bwana Rasik, tajiri wako, akauliza, huyu ni daraja la kwanza au la pili. Tunu alicheka, Baba Tunu. Alicheka mpaka akashika kisogo kwa mikono miwili na machozi yakamtoka. Akasema, Mama, kicheko kimenigonga hapa nyuma. Tukazidi kumcheka.

Andika nyingine. Herufi zangu zikiwa mbaya, mwalimu wangu ni wewe.

Mkeo,
Zeituni binti Farjalla

*

Homa Bay, 16 Januari 1933

Mama Tunu,

Barua yako nimewasomea wapimaji wenzangu, na pale penye sufuria nimerudia, mara ya pili kwa sauti ya kadhi. Ouko anayeshona magunia amesema atamchumbia Tunu kwa mwanawe. Nimemwambia alete kwanza ng'ombe wasioogopa moto. Mwambie Jasiri wangu kwamba huku anajulikana kuliko Bwana D.C.

Idi sitakuja. Nilimwomba Rasik ruhusa, akanipeleka ghalani akanionyesha marobota ya pamba yaliyopangwa mpaka kwenye bati. Akasema, Hemedi, waombe hawa ruhusa, wakikubali, uende. Nimekaa nao lakini hawajajibu.

Sasa mwite Tunu, akae karibu. Rasik amenunua jogoo. Alisema wafanyakazi wanachelewa, kwa hiyo jogoo atatuamsha alfajiri. Jogoo mwenyewe, masikini, analala mpaka jua linafika mgongoni. Wiki nzima imepita. Sasa Rasik anaamka kabla ya kila mtu, anavaa viatu, anachukua taa, anakwenda kumwamsha jogoo.

Ikiwa kicheko kinamgonga kisogo, dawa yake ni kuzoea. Kila barua nitatia kitu cha kumgonga.

Nisalimie mama. Mwambie kanga nitamlipia nyingine, yake imepata mwenyewe.

Wako,
Hemedi

*

Kisumu, 2 Februari 1933

Baba Tunu,

Idi imepita salama. Tunu alivaa gauni la maua na kanga ya bibi yake juu, watu wakageuka. Jogoo wa Bwana Rasik amefika, tumempokea vizuri, mtoto amecheka sana.

Anarefuka. Miguu inautangulia mwili, kwa hiyo anajikwaa hapa na pale. Mama yako anasema ni urefu tu. Endelea kutuandikia kama kawaida yako, usipunguze. Hapa hakuna la kukutia wasiwasi.

Mkeo,
Zeituni

*

Kisumu, 2 Februari 1933

Dada Mariamu, huko Sondu,

Leo nimeandika barua mbili. Ya kwanza imekwenda kwa Hemedi, nayo ina uongo ndani. Hii ni yako.

Tunu hakumcheka jogoo. Nilipofungua barua ya baba yake alikaa ubavuni pangu kama siku zote, kisha akaweka kiganja juu ya karatasi. Akasema, Mama, penye kuchekesha uruke. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, nikicheka kichwa kinapasuka huku nyuma, maumivu yanashuka shingoni, halafu naona giza kidogo, halafu yanaacha. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka jana. Hakutuambia. Anasema mtu jasiri hasemi.

Basi nikaanza kumtazama, na kila ninapotazama naona. Akikohoa anashika kisogo. Akipiga chafya anakaa chini. Akiinua ndoo, hata yenye maji kidogo, uso unakunjamana. Na kutembea kwake, Dada, ungemwona: anatanua miguu kama mtu aliyesimama kwenye mtumbwi, na mkono mmoja hauachi ukuta. Watoto wa chuo cha Kurani walikuwa wanamwita mlevi wa Ramadhani. Maji akinywa yanakwenda njia mbaya, anapaliwa mpaka macho yanamtoka. Sauti nayo imekuwa ya kukwaruza kama ya mtu aliyelia usiku kucha, na hakulia.

Mama mkwe alisema ni damu mbaya imetulia kisogoni. Akamwita fundi wa chuku. Fundi alimchanja ukosini kwa wembe, akaweka pembe, akafyonza. Mimi nilikuwa nimeshika mikono ya mtoto, nimejitayarisha kwa purukushani. Tunu alikuwa anatazama sisimizi wanavyopanda ukutani. Aliniuliza, Mama, wanakwenda wapi? Wembe uko shingoni. Fundi akasema tangu aanze kazi hajamwona mtoto wa hivi, wakapiga vigelegele tena. Mimi sikupiga, nilikuwa namfuta damu.

Utaniuliza kwa nini nimemficha Hemedi. Unamjua. Kuna mwanamume anayetuma unga nyumbani, kuna anayetuma nguo, huyu anatuma kicheko. Ndicho alicho nacho. Nitamwambiaje kwamba anachomtumia mwanawe kinamwumiza? Nasema labda kitapita. Watoto wanapata mambo, yanapita. Jana alitembea hatua chache bila ukuta, nikafurahi sana.

Nipe shauri.

Mdogo wako,
Zeituni

*

Sondu, 8 Februari 1933

Zeituni mdogo wangu,

Shauri nitakupa, ila usililie juu ya karatasi, wino wa dukani kwetu ni mbovu, utashindwa kurudia kusoma.

Mtoto wa mtu akichanjwa, analia. Hamisi wangu analia akiona mwenzake anachanjwa. Huyo wako anashika sufuria ya moto, nyinyi mnampigia vigelegele na kumvika kanga. Kutolia moto si ujasiri, Zeituni, ni mkono usiopata habari. Mkono usiopata habari nani atauambia utoke motoni? Hapa sokoni palikuwa na mtu aliyeunguza mguu mekoni akiwa anazungumza na wageni, hana habari, mpaka wageni wakasikia harufu. Watu walisema ni mganga mkubwa. Ulikuwa ukoma. Sisemi mwanetu ana huo, Mungu apishe mbali. Nasema mfunge macho umpime mwenyewe, kwa kitu cha moto na cha baridi, ujue unachokijua.

Halafu mpeleke hospitali. Najua mkweo Bibi Chausiku atasema hospitali ni mahali pa kwenda kufia. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma. Anichukie mimi, niko mbali na sufuria zake. Wala msimchanje tena hapo shingoni.

Na Hemedi mwambie. Mtu anayechekesha watu si mtoto mdogo. Leo unamruka kwenye barua, kesho utamruka kwenye mengine, na siku atakayojua atakuuliza alikuwa baba wa nani miezi yote hiyo.

Umesema jana alitembea bila ukuta. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko mengine. Sikuambii usitumaini. Tumaini ukiwa njiani kwenda hospitali.

Dada yako,
Mariamu

*

Homa Bay, 13 Februari 1933

Kwa Jasiri mwenyewe, kwa mkono wa mama yake

Binti yangu Tunu,

Leo siandiki kwa mama yako, naandika kwako, yeye ni msomaji tu, asitie chumvi yake.

Alikuja mkaguzi wa serikali kutazama pamba yetu. Mzungu mkubwa, mnene, amechoka na jua. Akasema, nitaegemea kidogo. Akaegemea lundo la pamba, lundo likamwegemea yeye, usingizi ukamchukua, pamba ikaendelea kumwagika juu yake. Ouko akaja na sindano yake na gunia, anashindilia, anashindilia, kisha akanyamaza. Akaniita polepole: Hemedi, njoo uone, pamba ya leo imevaa viatu.

Rasik alipoona alitaka kulia. Sisi tulitoka nje tukaumwa mbavu.

Mama yako ananiandikia kwamba unacheka, lakini haniambii unacheka vipi. Zamani alikuwa anaeleza kila kitu. Niandikie wewe mstari mmoja kwa mkono wako, hata ukiwa mbaya kama wa kuku. Nataka kuona.

Baba yako,
Hemedi

*

Kisumu, 27 Februari 1933

Baba Tunu,

Barua hii isomee mahali uko peke yako. Wenzako wakikuomba uisome kwa sauti, waambie haisomeki.

Jogoo hakuchekwa. Mkaguzi wako sijamsomea mtoto mpaka leo, nimemsoma mimi kimya, nikakunja karatasi. Mtoto alinikataza kusoma penye kuchekesha. Kicheko kinampasua kisogo, na kikohozi, na chafya, na hata akienda msalani akajikamua. Nilijua tangu kabla ya Idi, nikakuandikia kwamba amecheka. Nilitaka kipite kwanza ndipo nikuambie kilikuwepo.

Dada Mariamu alinishauri nimpime. Nilimfunga macho kwa kanga. Nilichovya kijiko kimoja kwenye maji ya chai na kingine kwenye maji ya mtungi, nikawa namgusa viganja na mikono mpaka mabegani. Kila nilipogusa alisema, hapa, hapa. Anajua nimemgusa. Nikamwuliza, hiki ni cha moto au cha baridi? Akageuza uso upande wangu. Kisha akasema, Mama, unataka niseme kipi?

Nikampeleka hospitali siku ya pili yake, nimembeba mgongoni kama alipokuwa mdogo, na miaka yake minane, miguu inaning'inia. Mama Adongo alinisindikiza, akawa anawaambia watu njiani, pisheni, huyu ni mtoto wa baba wa pamba.

Daktari anaitwa Gurdial, Singasinga mwenye sauti ndogo. Kwanza alimvua nguo akatafuta mabaka, akampapasa mishipa ya viwiko. Akasema si ukoma. Nilimshukuru Mungu mapema mno. Kisha akamwambia Tunu atembee juu ya mstari wa sakafu, kisigino kikigusa kidole. Hakuweza, alimwangukia. Akamwambia aguse pua yake, kisha aguse kidole cha daktari. Kidole cha Tunu kilikuwa kinakwenda huku na huku kama nzi anayetafuta pa kutua, na karibu na mwisho ndipo kinazidi. Akamwambia atazame pembeni. Hapo nikaona jambo ambalo mimi mama yake sikuwa nimeliona: macho yake yanashuka kwa kurukaruka, yanapanda, yanashuka, kama ya mtu anayesinzia na kushtuka. Nikasema, mbona mimi sikuona? Daktari akasema, wewe ulikuwa unatazama miguu.

Alinieleza mara mbili, nami nakueleza nilivyoelewa. Nyuma ya kichwa, chini, kuna ubongo mdogo ambao ndio unaoshika mwili usiyumbe. Wa Tunu haukukaa mahali pake. Sehemu yake imeshuka kwenye tundu ambalo fuvu linakutana na shingo, ndipo inapobanwa. Nikasema sielewi. Akashika kile kikuku cha chuma wanachovaa Masingasinga, akakisukuma juu ya mkono mpaka kikakwama, nyama ikafura pande zote mbili. Akasema, hivi, na kila akikohoa au akicheka, kinasukumwa tena. Maji ya mgongo nayo hayapiti vizuri, yamejikusanya ndani ya uti, ndiyo maana moto hausikii.

Nilimwuliza kama ni yule mkunga aliyemkanda kichwa alipozaliwa. Akasema hapana, aliumbwa hivyo tumboni. Nikauliza ni kitu gani nilikula. Akasema hakuna. Nikauliza dawa. Baba Tunu, alimvika mtoto gauni kwanza, kifungo kimoja kimoja. Kisha akasema, mama, jambo hili nimelisoma kitabuni, hata hakika kamili sina. Mkono wa kufika pale mimi sina, na Nairobi sijui anayeuthubutu. Ulaya wanajaribu kupasua, na wengi wanaopasuliwa hawaamki.

Akanipa makatazo. Asijitwike kitu. Asikandwe shingo, asipigwe chuku. Asiruke. Chakula kiwe laini, akae wima anapokula. Nikamwuliza, na kucheka? Akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi. Akasema, hilo siwezi kumwandikia mtoto.

Mama yako nilipomweleza alikaa chini pale pale mlangoni. Alisema, kumbe nilikuwa nausifu ugonjwa. Tangu siku hiyo hali chakula cha maana. Amemwomba Tunu msamaha, Tunu hajui ni wa nini.

Mstari uliomwomba alijaribu. Kalamu haikukaa mkononi, ilichora ukurasa mzima halafu ikaanguka. Sijautuma. Nimeuweka.

Usituandikie tena ya kuchekesha. Andika mambo ya kawaida, mvua, bei ya samaki. Na kama Bwana Rasik ana mtoto, mwambie akupe ruhusa.

Nisamehe.

Zeituni

*

Homa Bay, 6 Machi 1933

Mama Tunu,

Barua yako nimeisomea nyuma ya ghala.

Nilitaka kukuandikia kwa hasira, nikaandika, nikachana. Umeninyima mwanangu tangu kabla ya Idi. Lakini kila nikishika kalamu nakumbuka mimi ndiye niliyeandika kwamba dawa ni kuzoea. Niliahidi kumgonga kila barua. Nimekaa nikihesabu ni barua ngapi zilizopita kabla hajakukataza, nikaacha kuhesabu.

Nilikwenda kwa Rasik. Nilipoanza kusema, binti yangu mgonjwa, alianza kucheka kabla sijafika katikati, maana amezoea kwamba nikija na uso ule nina jambo. Nikangoja amalize. Alipoona sisemi mwisho wake akanikalisha kwenye kiti chake. Amekubali. Nitakuja na mashua inayobeba marobota kwenda kwenye reli Kisumu, nitakaa siku mbili, nitarudi nayo.

Naomba unieleze kabla sijafika. Nikae wapi? Nishike nini? Tangu azaliwe sijakaa na mtoto huyu hata saa moja bila kumchekesha. Sijui kinachofanywa na baba wengine.

Hemedi

*

Kisumu, 3 Aprili 1933

Baba Tunu,

Naandika upesi kwa sababu ana usingizi, na usingizi wake siku hizi nausikiliza. Pumzi inasimama kidogo, halafu inarudi. Mama yako anakaa upande mmoja na mimi upande mwingine. Tunasikiliza tu.

Tangu uondoke ameshuka. Hasimami bila kushikwa. Ugali umekataa, uji mzito umekataa, tunampa mwepesi kwa kijiko, na hata huo mara nyingine unamrudia puani. Mikono imekonda hapa kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Daktari Gurdial alikuja mwenyewe mpaka nyumbani jioni ya juzi, hakuitwa. Alikunywa chai. Alipotoka nikamfuata nje, akasema, ningekuwa na cha kufanya ningekuwa nimeshakifanya, mama. Nikamwambia najua.

Kuna jambo lazima nikuambie, nalo si la kukulaumu. Ulifanya kama nilivyokuambia. Ulikaa, ukamshika mguu, ukasema habari za mvua. Siku mbili hukuteleza hata mara moja, na niliona jinsi ulivyokuwa unageuka ukutani kila lilipokujia neno. Nilikuona ukiuma mdomo Mama Adongo aliposimulia habari ya punda wa posta.

Mashua yenu ilipoondoka Tunu aliniuliza, Baba amenikasirikia?

Nikasema, kwa nini? Akasema, alikuwa ananitazama kama mtu wa serikali. Nikasema hapana, baba yako alikuwa amechoka na safari. Akatazama viganja vyake. Kisha akasema, ni kwa sababu siku hizi siwezi kushika sufuria?

Hapo nilishindwa. Nimewahi kumficha mume, sikuweza kumficha mtoto. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia baba yako alikuwa anaziuma hadithi zake ndani zisitoke, maana zikitoka wewe ndiye unayeumia, na kwamba kazi ile ilimchosha kuliko marobota ya mwaka mzima. Alinisikiliza na yale macho yake yanayoruka. Akasema, kwa hiyo anazo? Nikasema anazo tele. Akasema, na za jogoo? Nikasema jogoo bado yuko. Akasema, mwambie aandike.

Nikamwambia itakuuma. Akasema, Mama, inaniuma hata nisipocheka.

Nilikwenda kwa daktari kumwuliza. Nilitaka aniambie ndiyo au hapana, nibebe kimoja. Alisema hajui kama kicheko kinampunguzia siku au hakimpunguzii, anajua tu kwamba kinauma. Akasema, uamuzi huu ni wako, mama. Nimerudi nao nyumbani kama mzigo ambao hakuna wa kukutua. Mama yako alisema tusithubutu. Jana, baada ya kumlisha kijiko chake cha tatu akakikataa, alisema, mwandikie mwanangu, na afanye haraka.

Sijui kama nafanya vema. Kama ni kosa, ni la kwangu, usije ukalichukua wewe. Tumekubaliana hivi na Tunu. Nitasoma polepole. Nikikaribia pale penyewe nitamwambia, sasa. Mama yako atamshika kichwa, mimi nitamshika shingo kwa viganja viwili, imara, isiende mbele wala nyuma. Kisha nitasoma mpaka mwisho, bila kuruka.

Andika, Baba Tunu. Andika kama zamani, usiogope kalamu. Ya kwanza isiwe ya kuchekesha sana.

Iweke kwenye meli ya Alhamisi. Usingoje ya wiki ijayo.

Zeituni